Ramani ya Kiporo

Mume wangu hana imani na kitu kilicholala. Chai ya asubuhi haigusi jioni, na ramani niliyoipakua kwenye simu yangu usiku wa kuamkia safari aliiita kiporo.

"Yangu iko mtandaoni," aliniambia tukiondoka Timbwani. "Yajua kila lori lililokwama kutoka hapa hadi Kinango. Yako yajua nini? Mambo ya jana."

Siku ile haikuwa ya kubishana. Tulikuwa twaenda kumwoza binti wa marehemu kakake, kijijini kwa kina mama wa msichana, mbele ya Kinango, na mume wangu ndiye aliyekuwa walii, wa kumwozesha badala ya babake. Nikahi ilipangwa baada ya sala ya alasiri. Bila yeye, biriani lingeliwa, na msichana angebaki mwari.

Hadi Kwale simu yake ilimwelekeza vizuri, naye akawa aiitikia "naam, naam" kana kwamba azungumza na mkwewe. Mbele kidogo ikanyamaza. Kile kidoti cha buluu kikaganda porini.

"Inatafuta mtandao," akasema.

"Haya, bwana. Ikiupata itwambie tumepotelea wapi."

Kiporo changu kilisema tukate kushoto. Tukapitiliza. Alidai mtandao warudi, wallahi warudi, na tuliungoja huku gari likienda, hadi barabara ikawa njia ya mbuzi, na njia ya mbuzi ikaishia kwenye shamba la mihogo. Mama mmoja alikuwa akipalilia. Mume wangu alishuka kumuuliza, nami nikatazama saa, kwa sababu mwanamume huyu hawezi kuuliza njia kabla ya shikamoo, habari za nyumbani, za watoto, na za mvua. Walipofika kwenye habari za mihogo na nguruwe wanaoifukua, alasiri ilikuwa yaadhiniwa mbali. Nilitamani kulia. Mwishowe yule mama akanyoosha mkono kule kule tulikotoka.

Mume wangu akarudi garini, akaligeuza.

"Haya, nisomee hicho kiporo chako."

Nikamsomea, kona baada ya kona, na sikumwongezea neno, ingawa yalinijaa mdomoni. Tulifika jua likikaribia kuzama. Wanaume walikuwa bado wamekaa mkekani. Sheikh alitwambia kwa upole kwamba walikwisha kupata walii mwingine wa upande wa babake, wakatuma mtu ndani kumwomba bibi harusi idhini, akakataa.

"Amesema, ami yangu hajui njia, lakini anakuja."

Mimi nikaingizwa ndani, nikakaa kando yake nyuma ya pazia. Tukamsikia ami yake akianza kutamka maneno ya kuozesha, sauti ikamkatika, akaanza upya. Msichana alinishika mkono akaubana.

"Sikiliza," akaninong'oneza. "Sauti ya babangu hiyo."