Mpunga Uliosimama

Mpunga wa shangazi yangu ulisimama wima mpaka siku ya kuvuna, na karibu wote ulikuwa mapepe, maganda yasiyo na kitu ndani.

Mwaka wa kabla yake ulilala. Mbegu yake ni ya kienyeji, ndefu, yenye harufu nzuri, aliyoachiwa na mama yake. Mvua za masika ziliulaza majini, punje zikaota kwenye tope. Yeye na wajukuu wake hula wanacholima pale bondeni. Mwaka ule walikula mihogo.

Ndipo jirani yake wa konde akaleta kutoka Bara chupa ya dawa ya kufupisha mabua, ili mpunga usilale. Sharti lilikuwa moja: ipigwe kabla mpunga haujabeba mimba, yaani kabla shuke halijavimba ndani ya bua. Wakati huo uliangukia Ramadhani. Mimi hutoka Kiembe Samaki, mjini, kwenda kumtazama kila Jumapili, na mabishano yao niliyasikia.

"Dada, siku zinakwenda," alisema jirani.

"Na saumu yangu? Upepo wote huu, dawa si itaniingia kinywani?"

"Jifunge kanga."

"Kanga inazuia harufu? Piga wewe basi, ule mchana kwa dhambi zako."

"Mie nnafunga pia, bibie." Akacheka. "Haya, ngoja Idi, mpunga nao uvae nguo mpya."

Idi ilipopita, jirani alilibinya bua. Akasema, "Lishavimba. Tuache."

"Ukilala tena, hawa wajukuu n'tawapa nini?"

Shangazi akajitia bomba mgongoni, akapiga dawa mwenyewe.

Masika ikaja kwa nguvu. Makonde ya wenzake yalilala. Lake likasimama, watu wakawa wanakuja kulitazama na kumpa hongera. Lakini mashuke yalitoka nusu, nusu yakakwama ndani ya majani. Wenzake waliokota mpunga majini, wakapata angalau kidogo. Yeye alipepeta ungo baada ya ungo, na upepo ukachukua karibu mpunga wote.

Punje zilizojaa zimo kwenye ndoo chini ya kitanda chake. Mbegu nyingine ya mama yake hana. Nimewauliza mabwana shamba kama mpunga uliopigwa dawa vile, ukipandwa, utatoa mashuke sawasawa. Kila mmoja ana jibu lake. Wajukuu wanataka wali, wakati wa kupanda umefika, na ndoo haijafunguliwa.