Aletaye Dawa Aanze Yeye

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alizaliwa na ualbino katika bonde la mpunga lisilo na kivuli. Alilima huko Kiberege kwa shati la mikono mirefu na kofia ya ukindu pana kama ungo. Basi nilipomwambia kwamba kidonda cha shavuni, ambacho vipimo vilionyesha ni saratani ya ngozi iliyo bado juujuu, kingeweza kutibiwa kwa mwanga, alinitazama kwa ile huruma anayonionea tangu niliporudi na digrii.

"Maisha yangu yote nalikimbia jua. Leo msomi wangu ananirudisha."

Nikamweleza. Daktari wa ngozi alikuwa amefika Ifakara na taa zake. Anapaka dawa ambayo gizani haina kazi. Seli za saratani huikusanya kuliko seli zenye afya, na ikimulikwa huamka na kuziua. Nilieleza vizuri sana, kwa mikono yote miwili.

"Babu yangu naye alielezwa vizuri," akasema. "Aliambiwa risasi za Wadachi zitageuka maji. Akanywa, akapanda Mahenge, hakurudi. Aliyemletea ile dawa alizeeka."

Hapo ndipo ilipotoka sheria ya nyumba yetu: aletaye dawa aanze yeye. Mama alionja kila kwinini aliyotupa, na uso wake haukutusaidia kitu.

Kwa hiyo nilisimama mbele ya daktari, mwanamke mtaratibu, nikaomba nipakwe dawa ya saratani nisiyokuwa nayo. Alicheka, akasema kidogo haitadhuru. Akampaka mjomba shavuni na mimi nyuma ya mkono, akatufunika kwa bandeji. Tukangoja katika chumba chenye mapazia mazito. Mjomba alikoroma. Mimi nilijikuna pasipowasha.

Muda ulipotimia daktari aliwasha taa ya buluu, ya kuonyesha dawa ilikojikusanya. Shavu la mjomba likang'aa jekundu kama kaa lililopulizwa, na wekundu ule ulivuka kidonda ukatambaa kuelekea sikioni, mahali ambapo macho yetu hayakuwa yameona kitu. Mkono wangu ulibaki mkono tu. Daktari akampa kioo.

Mjomba alitazama shavu, akatazama mkono wangu, akarudi kwenye shavu.

"Dawa ni ileile?"

"Ileile, baba," daktari akajibu.

"Kwa huyu imekosa cha kufanya. Kama shule." Akaweka kioo chini. "Washa hiyo ya kutibu."

Taa ya kutibu ilikuwa nyekundu, nayo ilimchoma kweli. Alinibana vidole mpaka vikafa ganzi. Mwishoni daktari alimwonya asiguswe na jua hadi keshokutwa.

"Hilo, mwanangu, niachie mimi."

Mavuno yalipokwisha tulirudi kukaguliwa. Tulipakwa tena, wote wawili, bila mtu kuuliza. Taa ya buluu ilipowaka, mjomba aliuvuta mkono wangu akauweka kando ya shavu lake, akainua kioo.

"Tazama," akasema. "Leo tumefanana."