Aliyemkimbia Mnyama wa Ukutani

Aliyekimbia ni mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesema ni dada yangu, tena kwa utulivu wa mtu anayelipwa kuwafundisha vijana kutaja vyanzo vyao.

Nilikuwa na miaka minane, yeye kumi na miwili. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia, kwetu Mushaki, si mbali na Goma. Padri alikuwa amewasha jenereta na kutundika shuka ukutani, na katekista alisimama kando akitutafsiria Kifaransa. Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani hata wakati huo, nyeusi na nyeupe: mnyama mkubwa kama kilima anatoka majini na kuingia mjini. Katekista akasema, "Sasa anakuya," na mguu ukashuka juu ya paa la nyumba. Sikungoja paa livunjike. Nilipita chini ya mabenchi, nikatoka mlangoni, nikavuka barabara ya Sake bila kutazama malori, nikasimama katikati ya shamba la maharage la watu. Dada alikuja mbio nyuma yangu kwa sababu Baba alikuwa amemwambia asiniache.

Kaka yetu mkubwa alibaki ndani mpaka mwisho. Alipotukuta nyumbani aliuliza nani alitoka wa kwanza. Nikasema, "Dada." Dada alinitazama, kisha akachukua bidoni akaenda kuchota maji. Tangu siku hiyo kaka ana mchezo wake. Katika kila sherehe ya familia anashika ncha za sketi isiyokuwepo, anatoa macho, anakimbia kuzunguka viti akilia, "Mama, iko nakuya!" Watu hucheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nacheka kwa sauti kuliko wote.

Mwaka huu niliahidi jarida dogo la walimu insha ya kulinganisha filamu ile na moja mpya ya mnyama mkubwa, ambayo wanafunzi wangu wanaipenda sana. Nilikuwa nimeshaandika kurasa nne nikisifu mwisho wa ile ya zamani. Mwisho huo sikuwahi kuuona. Niliujua kwa kusimuliwa na kaka.

Katikati ya insha nilikwenda Ntoto, Walikale, ambako dada ameolewa na mkulima anayewinda. Binti yao anaolewa, na nilitaka kusaidia matayarisho. Kompyuta ilikuwa mgongoni mwangu, mimi juu ya pikipiki, na heshima yangu ya mwalimu wa chuo kikuu ikaanguka mara mbili kwenye matope.

Tulikuwa tunamenya mihogo dada aliposema, bila kuniangalia:

"Harusi itakuwa kule Mushaki. Kaka njo ataongoza programu. Akicheza ule muchezo wake mbele ya wakwe wa mutoto wangu, mimi nabakia huku."

"Huwezi kukosa harusi ya mtoto wako, dada."

"Utaona."

Hakuniomba kitu. Angeniomba, ningepata nafasi ya kukasirika.

Mchana mvua ilitufungia ndani. Nikaunganisha kompyuta na betri ya panneau solaire, ile paneli ya jua iliyo juu ya paa, tukatazama filamu zote mbili, sisi watatu: dada, mume wake na mimi. Tulianza na mpya. Rangi zake ni za ajabu. Mnyama anapita mawingu, kila gamba linang'aa. Shemeji alivumilia kama dakika kumi.

"Ile nyama inakulaka nini?"

"Filamu haisemi, shemeji."

"Na muguu hauingie hata mu matope? Ile iko kivuli. Haiko nyama."

Dada hakuwa akimtazama mnyama. Alikuwa akitazama watu, maelfu yao, wakikimbia mikono mitupu na vinywa wazi.

"Hawa hawajakimbiaka hata siku moja," akasema. "Hakuna hata mumoja amebeba sufuria."

Kisha ile ya zamani. Naomba msomaji anihurumie: mnyama aliyenifukuza mpaka kwenye maharage ni mtu aliyevaa vazi la mpira. Shemeji aliona kabla yangu. Kwenye goti ngozi inajikunja kama buti la mvua. Lakini mguu ule ni mzito. Unainuliwa kwa taabu, kwa sababu mtu aliye ndani anataabika kweli. Na chini yake watu wanahama wanavyohama watu. Mwanamke anarudi ndani na kutoka na godoro kichwani. Mzee anafunga mlango kwa kufuli ingawa ukuta wa nyuma umeshaanguka. Familia inamvuta mbuzi asiyetaka. Godoro kama lile mimi na dada tumelifunga kamba wenyewe, mara nyingi mno, tukikimbia vita. Aliyetengeneza filamu ile alikuwa na pesa kidogo, lakini aliwahi kusimama kando ya barabara na kuangalia. Wa filamu mpya anajua kila kitu kuhusu magamba.

Mguu ulipofika kwenye paa nilishika meza kwa mikono miwili. Nilibaki.

Mwishoni mnyama anaanguka ufukweni. Kaka alikuwa ametuambia kwamba askari wanapanda mgongoni mwake na kucheza. Hakuna anayecheza. Watu wanasimama mbali, wamevua kofia.

"Sasa nani anagawa nyama yake?" shemeji akauliza. "Mwenye kuua hagawake yeye mwenyewe. Waite mukubwa wa jamaa."

"Hawagawi, shemeji."

"Basi walikuwa wanamuulia nini?"

Kurasa zangu nne zilikuwa zimesifu densi isiyokuwepo. Dada alikuwa ameanza kucheka, kwanza polepole, kisha akiegemea ukuta.

"Njo kile kilikukimbiza? Buti?"

"Njo hicho," nikasema.

Shemeji akageuka. "Nani alikimbia?"

Dada alinitazama. Aliniachia.

"Mimi," nikasema.

Kesho yake asubuhi nilipanda kilima chenye réseau ya simu, viatu mkononi, nikampigia kaka aliyeko Goma kabla ujasiri haujaisha.

"Kaka, kwenye harusi usicheze ule mchezo."

"Dada amekutuma?"

"Hajanituma. Aliyekimbia ni mimi. Yeye alinifuata tu. Nilikudanganya."

Nikasikia anavuta kiti. "Weye? Muntu wa université?"

"Mimi."

"Miaka yote hii naiga muntu ambaye hakukimbia?"

"Njo hivyo. Na askari hawakucheza juu ya mnyama, kaka. Nimeangalia."

Akakohoa kidogo. "Ile nilipamba. Lakini wakwe nimeshawaambia iko kichekesho, na siwezi kufuta."

"Usifute. Nitasimama mimi, niwaambie yote. Wakitaka nikimbie, nitakimbia."

"Na sketi yako ya profesa?"

"Na sketi yangu."

Alicheka muda mrefu, nikamngoja.

"Sawa. Nikuandike mu programu kisha chakula?"

"Kabla ya chakula. Na usinipe micro ya kusemea mpaka dada awe ameketi mbele."

Akasema ameandika.