Tofali la Babu Juu ya Mlango

Kamati ya kigango chetu cha Nkololo ilikuwa imeamua matofali ya kanisa la zamani yavunjwe, yawe kifusi chini ya sakafu ya kanisa jipya. Bibi aliposikia, aliweka ungo chini. Matofali yale yalifyatuliwa na familia za kwanza, na kila familia ilichora alama ya ng'ombe wake kwenye udongo mbichi kabla ya kuchoma. Ya marehemu babu ilikuwa nusu duara na vijiti viwili.

"Wewe ndiye msomi," aliniambia. "Kawaambie mume wangu hakanyagwi."

Nilikuwa na digrii ya historia, sina kazi. Siku tatu nilipanga maneno na kuyapangua. Vipi nikionekana najidai? Vipi nikishindwa, nirudi nimwambie nini bibi?

Kikaoni nilianzia mbali mno: kwa kaizari wa Roma aliyekomesha mateso ya Wakristo. Nikasema hata umbo la kanisa letu, refu na altare mwishoni, limetoka kwenye kumbi za Warumi alizoziiga alipojenga makanisa. Na tao lake kule Roma, ambalo bado limesimama, lilipambwa kwa michongo iliyobanduliwa kwenye majengo ya makaizari waliomtangulia.

"Alikosa mafundi?" mwenyekiti aliuliza.

"Wengine wanasema hivyo. Wengine wanasema alitaka kusimama pamoja na waliomtangulia."

"Na alibatizwa lini huyo?" katekista aliuliza.

Ningeweza kunyamaza. "Alipokaribia kufa."

Watu walicheka. "Basi shemeji yangu asikate tamaa!" mama mmoja alisema, na mimi nikajua nimeharibu kila kitu.

Lakini fundi aliyekuwa akijenga kanisa jipya alikuwa ameshatoka nje. Alirudi na matofali mawili, akayagonganisha. Yalilia vizuri. "Haya ni magumu kuliko bloku zenu," alisema. "Nipeni ya kutosha tao la mlangoni. Sitapiga plasta, alama zionekane."

Kamati ilikubali, nami nikashinda pale nikimchagulia matofali, kila familia lake. La babu nililishika mwenyewe, nikampandishia kwenye jukwaa. Tao lilipokauka na mbao kutolewa, niliinua macho: alama ya babu ilikuwa imepinduka, miguu juu. Nilimpa vibaya. Wiki nzima nilijiuliza kama nimwambie bibi au nisubiri aone.

Jumapili ya kwanza alisimama katikati ya mlango na fimbo yake, akatazama juu. Nyuma yetu watu walisalimiana, "Mwangaluka," wakisukumana taratibu.

"Bibi, nisamehe. Nimeligeuza."

Alitazama tena, kisha akacheka mpaka akanishika bega.

"Siku anachora, mimi nilikuwa ng'ambo ya pili ya udongo, namshikia kibao," alisema. "Mimi niliiona hivyo hivyo. Twende, tunaziba njia."