Mashine Iliyoshikwa na Jina

Owuraku Agyenim alijihesabu mtu asiyependa makuu. Hata hivyo, alipopata kazi yake ya kwanza tangu afungue karakana yake pale Suame, Kumasi, kazi ya kuunda mashine ya kukuna mihogo, kitu cha kwanza alichochora kwenye kompyuta hakikuwa fremu wala injini. Kilikuwa kibao cha jina: BUNIFU ZA OWURAKU.

Mchoraji wa mashine huanza na mabapa matatu matupu, nyuso za kufikirika tu, la mbele, la juu na la ubavuni, na kila kipande hupimwa kutoka hapo. Owuraku aliyajua hayo. Aliwahubiria wenzake mpaka wakawa wanamkwepa. Ila siku ile alikuwa na hamu ya kuliona jina lake. Fremu akaipima kutoka kwenye kibao, ngoma ya kukunia mihogo kutoka kwenye fremu, na vingine vyote vikafuata mkia.

Maame Pomaa, mfanyabiashara wa mihogo kutoka Ejura aliyeiagiza mashine, akaja kuukagua mchoro. Akiridhika, chuma kingekatwa siku hiyohiyo. Asiporidhika, angevuka barabara kwa fundi wa pili, aliyekwisha kumsalimu mara mbili.

"Nzuri, mwanangu. Ila huyu Owuraku anatafuta nini kwenye mashine yangu? Weka jina la marehemu mama yangu."

"Dakika moja tu, Mama."

Akafuta kibao. Ngoma ikachomoka nje ya fremu, mdomo wa kutilia mihogo ukapinduka, injini ikaelea juu peke yake.

"Imekufa?" Maame Pomaa alikuwa ameshasimama na mkoba wake.

Uongo ulimjia wa kila aina: umeme, virusi, joto. Akaona aibu kuusema.

"Mama, mashine nzima niliitundika kwenye jina langu. Nimelitoa, hakuna cha kuishika."

"Wewe! Hata chifu hukalia kigoda. Wewe umekalia jina?"

Akacheka mpaka akaketi tena. Owuraku naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Akaanza upya, mabapa kwanza, huku mama yule akila kenkey, donge lake la unga wa mahindi, na kuuliza maana ya kila mstari. Saa nane mashine ikawa imesimama.

"Panua fremu, nione."

Akaipanua. Kila kipande kikasogea mahali pake, hakuna kilichodondoka.

"Haya, sasa mwandike mama."

Owuraku akaliandika jina, akalifuta, akaitazama mashine ikiwa bado imesimama, akaliandika tena.

"Mbona unamfuta mama yangu?"

"Najihakikishia, Mama. Mimi nimeshajijua."