Orodha ya Abiria Niliyoisaini Bumbire

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja hakunionyesha meza wala kiti. Alinipa kalenda ya mihula ya shule na pini nne, akaniambia niibandike ukutani. Ofisi yetu ya kupanga safari ilikuwa chumba kimoja katikati ya mji wa Bukoba, na mimi nilikuwa msichana kutoka Izimbya niliyedhani kazi hii ni kujua mahali pazuri.

"Mahali pazuri kila mtu anapajua," Meneja aliniambia. "Wewe ujue watu watakwenda lini, ili mgeni wako aende siku nyingine."

Nyinyi vijana mnaopanga safari kwa simu mnaweza kuona hilo ni jambo dogo. Wageni wetu wengi walitaka kupumzika visiwani Muleba, hasa Bumbire, wakae kwenye mchanga, wale samaki, wasisikie pikipiki. Lakini shule zikifungwa Desemba, wanafunzi wa bweni wanarudi makwao visiwani, na Wahaya wanaoishi Dar es Salaam na Mwanza wanakuja nyumbani kula Krismasi. Wote wanagombania boti zilezile. Kipindi hicho tulikiita msimu wa kilele. Kanuni yetu ilikuwa kumpeleka mgeni siku tatu baada ya shule kufungwa na kumrudisha wiki nzima kabla hazijafunguliwa. Aliyekuja nje ya hapo tulimshauri achague tarehe nyingine.

Kitu cha pili nilichofundishwa ni orodha ya abiria. Ni karatasi yenye jina la kila aliyepanda boti, na chini yake msimamizi anaandika idadi ya watu na uwezo wa chombo, kisha anaweka sahihi. Boti ikipata shida, watu watatafutwa kwa karatasi hiyo.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Muleba kuwa msimamizi wa safari. Kazi yangu ikawa kuwavusha wageni kutoka mwaloni, yaani pale boti zinapotia nanga, kukaa nao kisiwani, na kuwarudisha. Bosi wangu huko tulimwita Mkuu wa Kituo. Alikuwa mtu mpole wa sauti, asiyependa kuambiwa kuwa jambo haliwezekani.

Mwaka mmoja ilikuja familia ya Wahaya kutoka Dar es Salaam. Ma Leokadia alikuwa muuguzi, mumewe Ta Kamugisha, yaani Baba Kamugisha, alikuwa fundi wa umeme, na binti yao Asimwe alikuwa na miaka sita. Likizo ya Ma Leokadia iliangukia wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Nilimwambia Mkuu wa Kituo kwamba wakati wa kurudi tutakutana na wanafunzi wote wa visiwani. Akajibu kwamba wageni wameshakubaliwa.

Walikaa siku tano nzuri. Jumapili asubuhi tuliteremka ufukweni. Wanafunzi walikuwa wamejaa kila mahali na matranka, magodoro na ndoo zao. Kulikuwa na boti mbili, lakini moja injini yake ilikuwa imefunguliwa, vipande vimepangwa juu ya turubai. Iliyobaki uwezo wake ni watu thelathini. Nilisimama kando nikahesabu waliokwisha kupanda na waliokuwa wanapanda. Nikapata hamsini na mmoja, pamoja nasi.

Nilimpigia simu Mkuu wa Kituo.

"Mkuu, tumezidi sana. Naomba tusubiri boti ya kesho."

"Ndege yao ni kesho asubuhi, Kokugonza. Kila mwaka boti hizo zinajaa na zinafika."

"Na kwenye orodha niandike wangapi?"

"Andika thelathini."

Niliandika thelathini. Nakumbuka kalamu iligoma, nikaisugua kwenye kiganja mpaka wino ukatoka, nikasaini. Kisha nikawaita wageni wangu wapande. Nilimvalisha Asimwe boya la kifuani, la mtu mzima, likamfika magotini. Maboya hayakutosha watu wote, na mimi sikuchukua.

Mwanzoni wanafunzi waliimba. Tulipotoka kwenye kinga ya kisiwa, upepo ulitupiga ubavuni, na maji yakaanza kuingia kidogokidogo juu ya ukingo, kama mtu anayemwaga kikombe. Wimbo ukakatika katikati. Watu waliokaa upande wa upepo wakataka kuhamia upande wa pili, na boti ikalala upande huo. Nilisikia mbao zikilia.

"Asiinuke mtu," nahodha alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Kaeni chini, kwenye sakafu. Waitu, ndugu zangu, kaeni chini."

Nilipita nikiwabonyeza wasichana mabegani mmoja mmoja mpaka wakaketi ndani ya maji. Nahodha akaamuru mizigo itupwe. Ta Kamugisha na wavulana wakubwa wakatupa matranka, magodoro, magunia ya dagaa. Wengine tulichota maji kwa ndoo za wanafunzi. Ma Leokadia alikuwa ametapika hana nguvu, basi nikamchukua Asimwe, nikamfunga kifuani kwa kanga yangu. Aliniuliza, "Shangazi, tutafika?" Nikamwambia tutafika. Moyoni nilikuwa naiona ile karatasi, na watu ishirini na mmoja ambao kwa sahihi yangu hawakuwamo botini.

Nahodha aliacha njia ya Muleba akakimbilia kisiwa kidogo kilichokuwa karibu. Tulipogusa mchanga hakuna aliyeshangilia. Watu walishuka wakalala kifudifudi. Nilihesabu tena, mara tatu, na mara zote nikapata hamsini na mmoja. Jumatatu boti mbili zilitufuata. Ndege ilikwishaondoka.

Mwaka uliofuata niliambiwa tena niandike thelathini. Nilikataa. Mkuu wa Kituo akaniambia niandike barua ya kuacha kazi. Nikamwambia nitaiandika, lakini jina langu halitakaa chini ya idadi hiyo. Niliiandika, hakuichukua. Alinirudisha Bukoba kwenye chumba kilekile, na huko nikapanga safari za wengine mpaka nilipostaafu miaka miwili iliyopita. Mimi mwenyewe sikupanda boti tena. Hadi leo, nikiwa kwangu Buhembe, shule zikikaribia kufunguliwa nasikiliza migomba. Ikianza kupigwa na upepo naacha ninachofanya.

Ma Leokadia naye alistaafu akarudi nyumbani Bukoba. Kila Krismasi huja kunisalimia, na kwa kila anayemkuta hapa husema, "Huyu ndiye aliyetuokoa ziwani." Nilivumilia maneno hayo miaka mingi. Krismasi iliyopita tulikuwa wawili tu, tunamenya ndizi. Nikaweka kisu chini.

"Ma Leokadia, mimi ndiye niliyewapandisha. Nilikuwa nimehesabu. Nilijua tuko hamsini na mmoja, nikaandika thelathini."

Hakuniangalia. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaiweka kwenye sufuria.

"Na mimi nilihesabu," alisema. "Nilifika arobaini nikaacha. Nilikuwa nafikiria ndege."

Kisha akavuta kigoda chake karibu na changu, akachukua ndizi nyingine. Nami nikaokota kisu changu.