Alama za Mwewe

Chaki ya fundi cherehani bado inanukia vilevile. Nilipokuwa mtoto, Baba alishona nguo katika duka lake mtaani Muhima, nami kila mwewe aliyepita juu ya bonde nilimchorea mstari kwa chaki yake kwenye mlango wa duka. Hakuna aliyenituma.

Mkubwa wa mtaa akaja na askari.

"Hii alama iko ya nani?"

Baba alizitema kiganjani pini alizokuwa nazo mdomoni. Miaka ile, alama mlangoni, ikidhaniwa ni ishara ya siri, iliweza kuitia nyumba nzima matatani.

"Ya mwewe," nikasema. "Nahesabu wanaopita."

Mkubwa akaifuta mistari yote kwa kofia yake. "Usichore tena!"

Hajafika hata kona, mwewe akapita. Nikachora mstari mrefu kuliko mkono wangu.

Leo mwewe anazunguka juu ya bonde lilelile. Mlango ule haupo. Nachora ukutani.